Vipimo vya mimba vya mkojo vya duka la dawa: hedhi ikichelewa, vinajibu nini hasa?

Mwaka huu, ndani ya siku 10, nilinunua vipimo vya mimba vya mkojo vya aina tatu katika maduka ya dawa ya Dar es Salaam, nikavitumia vyote, na vyote vikanipa jibu moja ambalo sikuliamini. Hedhi yangu ilikuwa imechelewa. Nitavitathmini kimoja baada ya kingine, lakini nitangulize jambo nililolitambua baada ya fedha kwisha kutoka: kipimo cha bei ya chini kilikuwa sawa kwa ubora na kile cha bei ya juu, na kasoro iliyonisumbua haikuwa ndani ya kipimo bali katika hesabu ya siku, hesabu ambayo karatasi ya maelekezo haikuigusa kabisa.

Kwanza hali yenyewe. Nina umri wa miaka 34 na watoto wawili, na mwaka jana niliacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Tangu siku zangu ziliporudi nimekuwa nikiziwekea alama kwenye kalenda ya ukutani, na kwa miezi minne mfululizo zilinijia kila baada ya siku 29 hadi 31, hivyo nikazoea kuitegemea hedhi siku ya 31 nikihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi iliyotangulia. Safari hii siku ya 31 ilipita, ikapita ya 32, ikapita na ya 33. Katika wiki ya pili ya mzunguko huo nilikuwa nimeugua malaria na kupungua uzito, jambo ambalo wakati ule sikulihusisha na chochote. Mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa nyumbani hadi siku ya 37, kisha akaondoka kuelekea Tunduma. Najua mambo haya ni ya faragha kuliko kawaida ya tathmini ya bidhaa, ila bila tarehe hizo tathmini yenyewe haina maana.

Kipimo cha kwanza nilikinunua siku ya 35, kwa shilingi 1,000, katika duka la dawa muhimu lililo karibu na kituo cha daladala. Ni ule ukanda mwembamba wa karatasi unaouzwa ndani ya pakiti ndogo inayong'aa, ambao wengi wetu tunaufahamu. Huduma ya duka hilo ilinikwaza. Muuzaji alikichukua kutoka kwenye kikapu kilichowekwa juu ya kaunta, jua la saa tisa likikipiga moja kwa moja, ilhali pakiti imeandikwa waziwazi kwamba kitunzwe katika joto lisilozidi nyuzi 30. Aliposikia kuwa nimechelewa siku nne, aliinama akaniambia kwa sauti ya chini, “Dada, ninavyo pia vidonge vya kushusha siku, wengi hawahangaiki kupima.” Hakuniuliza kama nina mimba ninayoitaka, wala hakuvitaja vidonge hivyo kwa jina. Maduka ya aina hii yalianza katika mkoa wa Ruvuma mwaka 2003 kwa lengo la kuwapa watu walio mbali na famasia dawa za msingi kutoka kwa muuzaji aliyepata mafunzo, na mengi yanafanya hivyo kwa uaminifu. Hilo la kwangu siku hiyo halikufanya. Nilichukua kipimo changu nikaondoka.

Maelekezo yalikuwa kwa Kiingereza na Kichina, maandishi madogo kama punje za mtama. Kwa faida ya wasomaji nitayaeleza. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio unaofaa zaidi, kwa sababu umekaa kibofuni usiku kucha na haujapunguzwa nguvu na maji ya kunywa. Ukanda huchovywa kwenye kikombe kisafi na kikavu bila kuvuka alama ya mwisho, kwa sekunde zisizozidi 10, kisha hulazwa mahali palipo tambarare. Matokeo husomwa baada ya dakika tano, na kinachoonekana baada ya dakika 10 hakihesabiwi. Mstari mmoja penye herufi C maana yake kipimo kimefanya kazi na homoni ya mimba haijaonekana. Mistari miwili, penye C na penye T, maana yake homoni imeonekana, hata ule wa pili ukiwa umefifia. Penye C pasipotokea kitu, kipimo hicho kimeharibika, na unapaswa kuchukua kingine.

Kinachotafutwa ni homoni iitwayo hCG, ambayo hutengenezwa na chembe zinazokuja kuwa kondo la nyuma, na hutengenezwa kwa kiasi cha kupimika pale tu yai lililorutubishwa linapojishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Ndani ya ukanda mna kingamwili, yaani protini zinazoinasa homoni hiyo, zilizofungamanishwa na chembe za rangi. Mkojo unapopanda huzibeba, na ikiwa homoni ipo, hunaswa pamoja nazo penye mstari wa T. Vipimo vyote vitatu nilivyonunua viliandikwa kwamba vinatambua homoni kuanzia kiwango cha 25 mIU/ml. Nimelirudia kulisoma hilo kwenye pakiti ya shilingi 1,000 na kwenye kikasha cha shilingi 7,000, na tarakimu ni ile ile.

Hapa naomba nitoke nje kidogo, kwa maana kazi hii ya dakika tano ina historia inayostahili heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wataalamu wawili wa Berlin, Aschheim na Zondek, walikuwa wakipima mimba kwa kuwadunga panya wadogo mkojo wa mwanamke na kuwapasua baada ya siku kadhaa ili kutazama ovari zao. Baadaye ikaonekana kwamba chura wa Kusini mwa Afrika, yule mwenye kucha miguuni, hutaga mayai ndani ya saa chache akidungwa mkojo wenye homoni hiyo, na kwa miaka mingi vyura hao walisafirishwa kwenda maabara za Ulaya na Marekani kwa kazi hiyo tu. Mwaka 1967 mwanamke aitwaye Margaret Crane, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Organon huko Marekani kama msanifu wa michoro, wala si mtaalamu wa maabara, alibuni kisanduku cha kwanza cha mwanamke kujipimia nyumbani. Ninapoushika ukanda wa shilingi 1,000 humkumbuka yule chura.

Turudi siku ya 35. Asubuhi nilipima, ukatokea mstari mmoja ulio wazi kabisa penye C. Nikautupa ukanda kwenye ndoo ya taka. Jioni, kwa wasiwasi ambao nadhani wanawake wengi wanaujua, niliuokota tena nikaupeleka dirishani, na nikaona penye T kivuli chembamba cha kijivu. Moyo ulinienda mbio usiku mzima. Sasa najua kwamba kile kilikuwa alama ya mkojo uliokauka: haina rangi ya waridi kama mstari wa C, huwa ya kijivu, na hutokea saa nyingi baada ya muda wa kusoma kupita. Maelekezo yalikuwa yamenionya, nami nilikuwa nimeyasoma, lakini jicho linalotafuta kitu hukipata.

Kwa sababu ya kivuli hicho, siku ya 39 nilinunua kipimo cha aina ya kaseti kwa shilingi 2,500, katika famasia nyingine. Ndani yake mna ukanda ule ule uliofunikwa kwa plastiki, na kidondoshi cha kuwekea matone matatu. Faida yake ni usafi, na dirisha dogo linalofanya mstari usomeke kwa urahisi. Hasara yake ni kwamba ukizidisha matone, rangi hutapakaa na kusomeka kwa shida. Jibu lilikuwa mstari mmoja. Siku ya 44 nikanunua kile cha bei, kijiti cha kushika chini ya mkojo moja kwa moja, shilingi 7,000, ambacho kwenye kikasha kimepambwa kwa picha ya mwanamke anayetabasamu. Ni kizuri mkononi, hakihitaji kikombe, kina kifuniko. Jibu lilikuwa mstari mmoja tena. Kwa jumla nilikuwa nimetumia shilingi 10,500 na bado sikuwa na hedhi.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye kliniki ya mama na mtoto ya kituo cha afya cha kata, nikiwa na kalenda yangu ndani ya mkoba. Huduma hii naiweka ndani ya tathmini kwa sababu ndiyo iliyovipa vipimo vile maana. Muuguzi, mama wa makamo mwenye subira, hakuanza na mkojo. Aliniuliza, “Mama, siku zako za mwisho ulianza kuona lini?” Kisha, “Ulikuwa mgonjwa au na msiba wowote mwezi huo?” Kisha, “Na baba watoto, mara ya mwisho mmekutana lini?” Nilipomweleza kuhusu malaria, alichukua kalamu na kunichorea mstari nyuma ya karatasi ya dawa.

Alichonieleza ni hiki. Mzunguko wa hedhi una sehemu mbili, na sehemu hizo hazifanani kwa tabia. Ya pili, kuanzia yai linapotoka kwenye ovari hadi damu inapoanza, haibadiliki sana; kwa wanawake wengi huwa karibu wiki mbili. Ya kwanza, yaani muda wa yai kupevuka, ndiyo inayonyooka na kujikunja. Homa kali, msiba, kupungua uzito ghafla, safari, mazoezi mazito au kuacha njia ya uzazi wa mpango vinaweza kulichelewesha yai, na yai likichelewa, hedhi nayo huchelewa kwa idadi hiyo hiyo ya siku. Kwa hiyo hedhi “iliyochelewa” mara nyingi haijachelewa hata kidogo; imekuja kwa wakati wake kulingana na yai ambalo ndilo lililochelewa. Akaongeza kwamba kwa aliyeacha sindano ya miezi mitatu, mwili unaweza kuchukua miezi kadhaa, hata kukaribia mwaka, kabla ya kutulia, na kwamba miezi yangu minne mizuri haikuwa dhamana.

Kisha akaja kwenye vipimo vyangu. Yai likitoka na kurutubishwa, halijishikizi siku hiyo. Huchukua kati ya siku 6 na 12, kwa wengi siku ya 8 hadi ya 10. Homoni huanzia hapo, ikiwa kidogo mno, kisha katika siku hizo za mwanzo huongezeka takriban maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana mwanamke asiyejua yai lake lilitoka lini hapaswi kuhesabu tangu tarehe aliyoitarajia hedhi, bali tangu mara ya mwisho alipokutana na mwanamume bila kinga: zikitimia siku 21, kipimo cha mkojo kitakachosema hapana kinaweza kuaminiwa. Kwangu mimi, mume aliondoka siku ya 37, hivyo jibu la kuaminika lingepatikana siku ya 58. Nilimuuliza kuhusu kipimo cha damu cha hospitali. Alisema kinatambua homoni kidogo zaidi na hutangulia mkojo kwa siku chache, lakini kwa siku yangu ya 45 hata damu ingeweza isiseme neno, na kwamba kama sina maumivu wala damu isiyo ya kawaida, kusubiri hakungenidhuru. Akanisisitiza ninywe vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kwa kuwa anayeweza kuwa mjamzito huhitaji kuanza kabla ya kujua.

Hedhi ilikuja siku ya 50, ikiwa imechelewa siku 19.

Ndipo nilipokaa na kalenda na kuhesabu kurudi nyuma. Ukitoa siku 14 kutoka siku ya 50 unapata siku ya 36, takriban. Maana yake ni kwamba siku nilipotumia ule ukanda wa kwanza, nikaukodolea macho dirishani jioni, yai lenyewe pengine lilikuwa halijatoka. Kaseti niliitumia siku tatu tu baada ya yai kutoka. Kijiti cha shilingi 7,000 nilikitumia siku ya nane baada ya yai kutoka, pale ambapo hata kama mimba ingetunga, ingekuwa ndiyo kwanza inatafuta pa kushika. Vipimo vyote vitatu vilisema kweli, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na uwezo wa kunijibu swali langu. Ningekuwa nimeshika mimba mwezi ule, vyote vitatu vingeonesha mstari ule ule mmoja, na pengine ningenywa vidonge vya yule muuzaji nikiwa na amani moyoni.

Hilo ndilo lalamiko langu kuu dhidi ya watengenezaji. Kikasha kinadai usahihi wa zaidi ya asilimia 99 “kuanzia siku ya kwanza ya hedhi kuchelewa”, na dai hilo limeandikwa kwa ajili ya mwanamke wa siku 28 ambaye yai lake hutoka siku ya 14 bila kukosea. Mzunguko wa kawaida unaweza kuwa na siku 21 au 35, na mwanamke mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Sentensi moja tu ya Kiswahili ingetosha kwenye karatasi ile: ukipata mstari mmoja na hedhi haijaja, rudia baada ya wiki moja, au subiri zitimie siku 21 tangu mlipokutana.

Kwa haki niseme pia upande ambapo kipimo kiling'ara. Baada ya kliniki nilikuwa nimenunua vikanda vitano kwenye famasia inayovitunza ndani ya kabati lenye kivuli. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye siku zake huja kila baada ya siku 28 kama saa ya ukutani, alipitiliza siku tisa akaja kwangu. Nilimpa kimoja. Dakika ya nne ukaonekana mstari wa pili, mwembamba lakini wa rangi ya waridi; mumewe akasema huo si mstari. Baada ya siku mbili walipima kingine, na hapo hapakuwa na la kubishania. Mstari uliofifia ndani ya dakika tano ni mimba mpaka ithibitishwe vinginevyo, ingawa mimba changa kiasi hicho wakati mwingine hutoka yenyewe, na damu ikaja kama hedhi nzito iliyochelewa.

Vipo vitu ambavyo kipimo hiki hakiwezi kuvisema, na ni vema mnunuzi avijue kabla ya kukilaumu. Hakisemi mimba ina umri gani. Hakisemi iko wapi: mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija, hutoa homoni ile ile na mistari ile ile miwili, kwa hiyo mwenye maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, kuzirai, maumivu ya bega au damu, aende hospitali saa hiyo hiyo bila kujali kipimo kilivyosema. Aliyetoka kuharibikiwa na mimba karibuni anaweza kuona mistari miwili kwa wiki kadhaa, kwa sababu homoni haiondoki mara moja, na vivyo hivyo aliyechomwa sindano ya homoni hiyo kwenye matibabu ya ugumba. Dawa za maumivu, antibayotiki na vidonge vya majira havibadilishi jibu. Mwenye kunyonyesha anaweza kukaa miezi bila hedhi, na bado akashika mimba kabla ya kuiona hata mara moja. Na anayekosa hedhi miezi mitatu mfululizo huku vipimo vikisema hapana anahitaji daktari, kwani tezi ya shingo, homoni ya prolaktini au ovari zenye vifuko vingi ni mambo ambayo ukanda wa mkojo haukuundwa kuyaona.

Kuhusu dawa ya meno, chumvi na sukari, ambazo majirani wawili walinishauri nizitumie badala ya kupoteza fedha: nilijaribu ile ya dawa ya meno siku ambayo tayari nilikuwa kwenye hedhi, na ikatoa povu kwa wingi. Dawa nyingi za meno zina kalisiamu kabonati, na mkojo una tindikali kidogo. Vikikutana hutoa gesi, mkojo uwe wa mwanamke, wa mwanamume au wa babu wa miaka 80.

Kwa nyota tano, ukanda wa shilingi 1,000 naupa nne, na ile moja nimeinyima kwa sababu ya maelekezo. Kaseti naipa tatu na nusu, kwa kuwa urahisi wa kusoma hauhalalishi kulipa zaidi ya maradufu. Kijiti nakipa tatu; nitakipendekeza kwa aliye safarini tu, asiye na kikombe. Kliniki naipa tano, pamoja na saa mbili nilizokaa kwenye benchi. Duka la kwanza silipi nyota, na sirudi.

Katika vile vikanda vitano vimebaki vitatu. Vimo kwenye droo ya chumbani, mbali na jua na unyevu wa bafuni, na juu ya bahasha yake nimeandika kwa kalamu nyekundu “siku 21”.